Mwanafunzi ana alama nyuma ya sikio na anasema alianguka: nifanye nini?

Swali: Nafundisha darasa la kwanza. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 6 amekuja shuleni na alama mara mbili ndani ya mwezi huu: mara ya kwanza juu ya kiwiko, safari hii nyuma ya sikio na shavuni. Anasema alianguka. Nilipomgusia mama yake alisema mtoto ni mtundu tu. Lakini mtoto mwenyewe amebadilika. Alikuwa msemaji, sasa yuko kimya, anasinzia darasani, na kengele ya mwisho ikilia yeye ndiye wa mwisho kutoka. Sina uhakika na lolote. Naogopa kuvunja familia ya watu kwa dhana tu. Nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, uhakika unaousubiri huenda usiupate kamwe, na wala si kazi yako kuutafuta. Kazi yako ni kuona, kuandika, na kufikisha taarifa kwa wenye mamlaka ya kuchunguza. Kwa hayo uliyoeleza, umeshafika mahali pa kutoa taarifa, na inafaa itolewe leo au kesho, si wiki ijayo.

Tuanze na zile alama. Watoto wa umri huo hujigonga kila siku, na mwenye ngozi safi kabisa huenda hachezi vya kutosha. Ila mtoto anapoanguka hutanguliza mikono, magoti na paji la uso, kwa hiyo alama za ajali hukaa mbele ya mwili, pale mfupa ulipo karibu na ngozi: goti, muundi, kiwiko chenyewe, kidevu. Alama za kutilia shaka hukaa penye nyama au palipojificha: shavu, sikio, shingo, kifua, tumbo, mgongo, makalio, nyuma ya mapaja, upande wa ndani wa mkono. Sikio lina uzito wake. Mtoto akianguka kwa ubavu, bega na fuvu hupokea kishindo, sikio likabaki limekingwa katikati. Damu ikivilia nyuma ya sikio na shavu la upande uleule nalo lina alama, mtu mwenye uzoefu hufikiria kofi au sikio kuvutwa kabla ya kufikiria kuanguka. Hiyo haithibitishi kitu. Inaonyesha tu kwamba "alianguka" haitoshi kuwa maelezo.

Ile ya juu ya kiwiko, je, unaikumbuka umbo lake? Mkono wa mtoto ukikamatwa kwa nguvu, vidole huacha madoa matatu au manne ya mviringo yaliyojipanga upande mmoja, na doa moja la dole gumba upande wa pili. Alama yenye umbo la kitu ndiyo inayosema zaidi kuliko zote. Kofi huacha mistari sambamba yenye nafasi katikati, kwa sababu damu hukimbilia pembezoni mwa kila kidole. Waya au kamba iliyokunjwa mara mbili huacha kitanzi chenye ncha ya duara. Mkanda huacha ukanda wenye kingo zilizonyooka, pengine na alama ya kifungo chake.

Kwa watoto wadogo zaidi kuna kanuni ambayo madaktari huitumia, na ni vizuri uijue kwa ajili ya wadogo zao hawa unaowafundisha. Mtoto wa chini ya miaka 4 akiwa na alama ya damu kuvilia kiwiliwilini, sikioni au shingoni, huchunguzwa. Huchunguzwa vilevile akiwa nayo kwenye pembe ya taya, kwenye nyama ya shavu, kwenye kope au kwenye weupe wa jicho, au ikiwa kile kijinyama chembamba kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimechanika. Na mtoto asiyefikisha miezi 5 hatakiwi kuwa na alama ya namna hiyo popote, hata moja ndogo. Asiyeweza kutambaa wala kujiinua hana namna ya kujigonga, kwa hiyo doa dogo kwenye shavu la kichanga ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Majeraha ya moto nayo husomwa kwa umbo. Mtoto aliyejimwagia maji ya moto huwa na jeraha lisilo na mpangilio: limeteremka na maji, lina matone pembeni, na makali yake hupungua kadiri maji yalivyopoa. Aliyetumbukizwa huwa na mstari mkali kama soksi au glavu, mara nyingi miguu yote miwili sawasawa, bila matone. Alama ya sigara iliyokandamizwa ni duara lenye kipenyo cha milimita 7 hadi 10, na kina chake ni kilekile pande zote. Mtoto aliyejigusa kwenye sigara bahati mbaya huwa na mkwaruzo wa moto usio na umbo kamili.

Kuhusu rangi, usijaribu kukisia umri wa alama. Watu wengi huamini kwamba nyekundu ni ya jana na ya kijani ni ya wiki iliyopita. Hata madaktari hawawezi kusoma hivyo kwa uhakika: alama mbili za siku moja kwenye mtoto mmoja zinaweza kuwa na rangi tofauti. Andika rangi uliyoiona, basi.

Kinachotazamwa kwa kweli ni vitu vitatu kwa pamoja: alama, maelezo yake, na umri wa mtoto. Vikigongana ndipo shaka inapoingia. Mtoto wa miezi 3 hawezi "kupanda kwenye kiti akaanguka". Maelezo yanayobadilika kila yanaposimuliwa ni tatizo. Watu wazima wawili wakitoa hadithi mbili, mtoto mwenye mfupa uliovunjika akafikishwa hospitali baada ya siku mbili, au lawama zote zikabebeshwa mdogo wake wa miaka 2, shaka inaongezeka. Jibu la mama yake, kwamba "ni mtundu", halielezi kilichotokea. Ni tabia ya mtoto aliyokupa, si tukio.

Yapo pia mambo yanayofanana na kipigo na siyo. Watoto wengi wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde huzaliwa na mabaka ya bluu-kijivu mgongoni na makalioni. Tofauti yake ni kwamba baka la kuzaliwa halibadiliki kwa wiki nzima, wakati damu iliyovilia hubadilika ndani ya siku chache. Maambukizi ya ngozi yenye malengelenge hufanana na moto wa sigara. Aliyepigwa chuku, yaani tiba ya kufyonza ngozi kwa pembe au kikombe, huwa na miduara iliyopangika mgongoni. Na kuna magonjwa ya damu yanayomfanya mtoto avilie damu kwa kuguswa tu. Daktari huyatenganisha haya kwa kipimo cha damu na kwa kumwona tena baada ya siku kadhaa. Wewe huna haja ya kuyatenganisha.

Sasa tabia. Hakuna tabia moja inayothibitisha ukatili. Mtoto husinzia kwa njaa, kwa homa, kwa kulala usiku wa manane, au kwa sababu nyumbani hakulaliki. Cha kupima ni alivyokuwa na alivyo sasa, na wewe unayemwona siku tano kwa wiki ndiye mwenye kipimo hicho. Kunyamaza ghafla, kujikunja mtu anapoinua mkono karibu naye, kuvaa sweta siku ya joto na kukataa kulivua, kurudia kukojoa kitandani au kwenye nguo, kuficha chakula mfukoni, kuwapiga wenzake kwa namna mpya: yote ni ya kuandikwa. Walimu humwona haraka mtoto msumbufu na kumkosa yule mtulivu mno, mwenye kutii kabla hajaambiwa, macho yake muda wote yakifuata uso wa mtu mzima kujua hali ya hewa. Huyo naye anastahili jicho lako.

Kuna ukatili usioacha alama kabisa. Utelekezaji huonekana polepole: jino linalooza miezi na hakuna anayempeleka kutibiwa, uzito usioongezeka, mtoto wa miaka 6 kulala nyumbani peke yake. Hapa uwe mwangalifu, kwa sababu umaskini si utelekezaji. Mzazi asiye na chakula anahitaji chakula, na kuongea naye moja kwa moja mara nyingi ndiyo hatua sahihi. Mambo hubadilika pale uwezo upo na mtoto ananyimwa, au msaada umetolewa ukakataliwa. Matusi ya kila siku, kutishiwa kufukuzwa, kuambiwa "heri usingezaliwa", nayo ni ukatili, na huumiza kwa miaka.

Ukatili wa kingono nautaja kando kwa sababu saa huhesabika. Dalili zake ni maumivu ya kukojoa au kukaa, damu au majimaji yasiyo ya kawaida, ugonjwa wa zinaa, au mtoto kuigiza kwa undani kitendo ambacho umri wake hauwezi kukijua. Udadisi wa kawaida wa watoto wadogo kuhusu miili yao haumo humo. Mara nyingi mtendaji ni mtu anayefahamika, aliyetangulia kujenga ukaribu kwa zawadi, siri ndogondogo na kutafuta muda wa kuwa naye peke yake. Ukiambiwa jambo la siku hizi tatu, mtoto aende hospitali mara moja. Dawa za kuzuia VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zinafanya kazi vizuri zaidi. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Asioge, asibadilishwe nguo. Kama zimeshavuliwa, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi bila kufuliwa. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, nguo zikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Kwa watoto wadogo ushahidi mwingi hupatikana kwenye nguo na shuka kuliko mwilini. Saa zikiwa zimepita, hospitali bado ni muhimu. Na daktari akisema hakuona jeraha, hiyo haina maana kwamba hakuna kilichotokea, kwani idadi kubwa ya watoto waliofanyiwa hivyo hukutwa miili yao iko sawa.

Turudi kwa mwanafunzi wako. Unaweza kuzungumza naye mara moja, kwa kifupi, mahali patulivu ambapo mnaonekana lakini hamsikiki. Kaa chini usawa wake. Sema ulichokiona, uliza swali lililo wazi, kisha nyamaza: "Naona sikio lako lina alama. Niambie ilikuwaje." Akisema alianguka, "Niambie zaidi," basi. Usiulize "Ni baba aliyekupiga?" Swali la namna hiyo ni kumlisha maneno. Mtoto wa miaka 6 huenda akaitikia ili kumridhisha mwalimu wake, na baadaye kila atakachosema mbele ya mpelelezi kitaonekana umekipanda wewe. Hata "Kwa nini alikupiga?" humwelekeza ajione mkosaji. Akinyamaza, mwache. Mwambie mlango wako uko wazi na umruhusu akacheze. Umepata ulichokihitaji, na umemwonyesha kwamba kuna mtu anayeona.

Akianza kusimulia, uso wako ndio utakaoamua kama ataendelea. Ukishtuka au ukilia, atafunga mdomo ili kukulinda wewe. Msikilize hadi mwisho, kwa mwendo wake. Mambo manne yanatosha kumwambia: umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako, nakuamini, na kuna watu nitakaowaambia ili wakusaidie. Watu wazima wengi huanguka kwenye hilo la mwisho. Mtoto husema, "Nikikuambia, usimwambie mtu," nawe ukiwa na hamu ya kusikia ukaahidi. Ahadi hiyo utaivunja kesho, na atajifunza kwamba hata mwalimu hudanganya. Mjibu: "Siri ya kumuumiza mtoto siwezi kuitunza peke yangu, ila sitamwambia kila mtu. Nitawaambia wanaoweza kusaidia tu." Ukishajua yupo hatarini, acha kuuliza. Undani wote wataupata waliofunzwa kuhoji watoto, ili asirudie habari hiyo mara tano kwa watu watano.

Usimvue nguo kutafuta alama nyingine. Usimpige picha kwa simu yako, maana picha ya mtoto aliyeumizwa ikishaingia kwenye kundi la walimu haitarudi tena mikononi mwako. Picha za ushahidi hupigwa hospitalini au na polisi.

Kisha andika, saa hiyohiyo ikiwezekana. Maandishi dhaifu husema: "Mtoto anaonekana kupigwa nyumbani, ana huzuni." Hayo ni maoni, na wakili atayafuta kwa swali moja. Yanayofaa ni kama haya:

"Jumanne, saa 4:20 asubuhi, wakati wa mapumziko. Nyuma ya sikio la kushoto alama mbili za rangi ya zambarau, kila moja upana wa sentimita 1 hivi. Shavu la kushoto mistari mitatu myekundu, ya kulala. Nilimwambia: 'Naona sikio lako lina alama. Niambie ilikuwaje.' Akajibu: 'Nilianguka.' Nikasema: 'Niambie zaidi.' Akatazama mlango, hakujibu. Ijumaa iliyopita mama yake alisema: 'Huyu ni mtundu tu.'"

Maneno yake ni yaleyale, hata kama ni ya kitoto au ya aibu. Usiyasafishe, usiyatafsiri. Maneno yako uliyomuuliza nayo yawepo, na mchoro mdogo wa mwili wenye alama mahali pake. Weka sahihi, tarehe na saa. Ongeza ile ya mkononi kama unavyoikumbuka, na useme wazi kwamba unaiandika kwa kumbukumbu.

Taarifa hupelekwa kwanza kwa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni au kwa mwalimu mkuu, naye aipeleke ustawi wa jamii au polisi. Akikuambia "tumwite mzazi tumalizane", au akikaa nayo, ipeleke mwenyewe. Katika nchi nyingi sheria inamtaka mwalimu aripoti anapokuwa na shaka ya msingi, haimtaki athibitishe, na inamlinda aliyeripoti kwa nia njema. Kama nchi yako ina namba ya simu ya bure ya kusaidia watoto, unaweza kuipiga hata kabla ya kuamua, ukaeleza bila kutaja jina na kuuliza ushauri. Ukipiga, uwe na jina na umri wa mtoto karibu, mahali anapoishi, anaoishi nao, ulichoona na lini, na kama kuna watoto wadogo zaidi nyumbani humo. Uliza jina la aliyepokea taarifa, uliandike na saa yake.

Kuna hali ambazo hazisubiri utaratibu huu. Mtoto aliyepoteza fahamu, anayetapika na kulegea baada ya kugongwa kichwa, mwenye degedege, anayepumua kwa shida, mwenye jeraha kubwa la moto, au anayesema anataka kufa, anaenda hospitali sasa hivi na simu zinapigwa njiani. Vilevile yule anayelia kwa hofu kwamba aliyemuumiza yuko langoni kumchukua: asitoke shuleni kabla hujapata maelekezo ya polisi au ya ustawi wa jamii.

Tamaa kubwa utakayokuwa nayo ni kumwita mama yake tena. Ulishamuuliza mara moja, kwa njia ya kawaida, na hilo halikuwa kosa. Mara ya pili ni hatari. Mtu mzima akijua shule inashuku, mtoto huulizwa usiku ule "umewaambia nini?", hufundishwa la kusema, au huhamishwa. Tena hujui nani anamuumiza. Huenda mama naye anapigwa katika nyumba hiyohiyo, na "ni mtundu tu" ikawa ndiyo sentensi pekee salama aliyonayo. Nani aelezwe na lini, waachie ustawi wa jamii wapange.

Kuhusu kuvunja familia: taarifa si hukumu, na kumwondoa mtoto nyumbani si hatua ya kwanza. Afisa hutathmini kwanza. Mara nyingi kinachofuata ni kutembelewa, ushauri, kumtoa mtendaji badala ya mtoto, au kumpata ndugu wa karibu wa kumlea kwa muda. Zipo ofisi zinazofanya kazi hiyo vibaya, hilo silifichi. Dawa yake ni kufuatilia.

Ukishatoa taarifa, mwendee mtoto kama zamani: kiti chake, zamu yake ya kufuta ubao, masahihisho yake. Usimkodolee macho wala kumuuliza kila asubuhi "vipi jana?" Anaweza kukukasirikia. Anaweza pia kufuta aliyosema. Daktari wa magonjwa ya akili Roland Summit aliieleza mwaka 1983 njia ambayo watoto waliodhulumiwa kingono hupita: siri, kukosa nguvu, kuizoea hali, kusema kwa kuchelewa na kwa namna isiyoshawishi, kisha kukana. Si kila mtoto huipita yote, lakini kukana pale familia inapoanza kutikisika ni jambo la kutarajiwa, na peke yake hakuthibitishi kwamba alidanganya. Akikana mbele yako, andika alivyokana, kwa maneno yake, tarehe na saa, ukabidhi afisa.

Zikipita siku chache bila kusikia lolote, piga simu kwa yule uliyeandika jina lake. Ukiona alama mpya, hiyo ni taarifa mpya, hata kama ya kwanza ilifungwa. Na ukifika asubuhi ukaambiwa mtoto amehamishwa, usiishie kumfuta kwenye daftari la mahudhurio. Tafuta jina la shule anayopelekwa na umpe afisa siku hiyohiyo, ili jalada limfuate.